Kinanda cha Umeme Mikononi mwa Mnunuzi wa Pili

Neno kinanda ni kongwe katika lugha yetu, na historia yake yatosha kumfundisha mwanafunzi namna Waswahili wanavyopokea vitu vigeni. Hapo kale katika mwambao, na hasa Lamu, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, jamaa ya gambusi na kibangala, na jina hilo hilo likapewa mchezo uliochezwa kwa chombo hicho. Majahazi na meli zilipoleta vyombo vingine, watu hawakujisumbua kutunga majina mapya. Hamonia ya Wahindi ikawa kinanda. Ogani ya wamisionari ikawa kinanda. Piano na akodiani zikawa vinanda. Hata gramafoni, isiyopigwa na mtu bali huisemesha santuri yenyewe, nayo iliitwa kinanda bila haya. Basi chombo cha umeme kilipofika, kiliikuta nyumba yake ya lugha imekwisha jengwa. Wengi siku hizi husema kibodi, nami sina ugomvi nao; lakini katika insha hii nitasema kinanda cha umeme, na nitakapotaka kukitaja kile kiundacho sauti zake chenyewe kwa mikondo ya umeme, badala ya kuiga piano au ogani tu, nitasema sintesaiza.

Historia ya vinanda hivi, kama inavyoandikwa Marekani, Ulaya na Japani, ni historia ya wavumbuzi na viwanda: nani alibuni, mwaka gani, vikauzwa vingapi. Siku hizi imeongezeka sura nyingine, nayo ni ya wakusanyaji, watu wanaovitafuta vinanda vya miaka ya 1970 na 1980, wakavisafisha, wakavitengeneza, wakaviuza tena kwa bei kubwa kuliko ile ya kwanza. Kwetu sisi sura hizo mbili hazitoshi. Vingi katika vinanda vilivyotujengea muziki wetu havikununuliwa vipya. Vilitoka kwa mtu aliyekwisha vitumia, mara nyingi vikiwa na upungufu, kwa bei iliyokatwa baina ya watu wawili na dalali mmoja. Mtu mkubwa katika historia yetu ni huyo mnunuzi wa pili, na wa tatu baada yake, pamoja na fundi redio aliyekifufua chombo kilipokata sauti. Watu hao hawakuweka vitabu vya hesabu wala kumbukumbu za maandishi. Ushahidi wao umo katika vyombo vyenyewe, na vyombo vyenyewe vinakwisha.

Asili nitaieleza kwa ufupi, maana imekwisha andikwa sana. Laurens Hammond wa Chicago alianza kuuza ogani yake ya umeme mwaka 1935. Robert Moog alionyesha sintesaiza yake mwaka 1964, na mwaka 1970 ikatoka Minimoog, chombo cha kubebeka, kilichoweza kutoa sauti moja tu kwa wakati: mpigaji akibonyeza kwa vidole viwili, kimoja ndicho kisikikacho. Mwaka 1977 Yamaha walileta CS-80, yenye sauti nane kwa pamoja na uzito uliozidi kilo 80, mzigo wa watu wawili wenye mgongo imara. Mwaka uliofuata ikatokea Prophet-5, iliyoweza kuzihifadhi sauti alizozitunga mpigaji katika kumbukumbu yake, asilazimike kuzitafuta upya kila jioni. Kisha mwaka 1983 ikaja DX7 ya Yamaha, ambayo njia yake ya kuunda sauti ilitokana na uchunguzi wa John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford. Bei yake Marekani ilikuwa kama dola 2,000, nayo ilinunuliwa kwa wingi usiowahi kuonekana katika sintesaiza yoyote kabla yake.

Pembeni mwa ufalme huo palikuwa na kampuni ya Casio ya Tokyo, iliyojulikana kwa vikokotoo na saa. Mwaka 1980 ilianza kuuza vinanda ilivyoviita Casiotone, na baada ya muda mfupi ikatoa vidogo zaidi, vyenye vibao vyembamba vinavyofaa vidole vya mtoto. Vilikuwa na spika yao ndani, vilikubali betri za tochi, na vilikuwa na midundo iliyokwisha tungwa kiwandani, ambayo mtu huianzisha kwa kubonyeza mahali pamoja. Mabingwa wa muziki wa Ulaya walivicheka. Naomba msomaji avishike akilini vinanda hivyo vilivyochekwa.

Katika miaka ya 1970 mwanamuziki wa Tanzania hakuwa na njia nyepesi ya kupata hata kimoja cha vyombo hivi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara kubwa ya nje ilishikwa na mashirika ya umma, na fedha za kigeni zilitolewa kwa kibali. Dawa, mafuta na vipuri vya malori vilitangulia, wala sioni kosa katika utaratibu huo. Gitaa na kinanda vilisubiri. Tena vyombo vya bendi kubwa havikuwa mali ya wapigaji. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; polisi na majeshi walikuwa na bendi zao; hoteli na matajiri wachache walikuwa na zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Akihama bendi aliondoka na koo lake na vidole vyake, na chombo kilibaki kwa mwenyewe. Watu husimulia kuhamahama kwa wanamuziki wa Dar es Salaam kana kwamba kulitokana na tabia ya wasanii kutotulia. Kwa maoni yangu sababu kubwa ilikuwa hii ya mali: aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi, na aliyepata vyombo vipya aliweza kuivunja bendi ya mwenziwe kwa usiku mmoja.

Mambo yaligeuka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa bila kuhojiwa alizipata wapi. Malori, vitambaa, redio na sabuni vikamiminika, na katikati ya mizigo hiyo vikaja vinanda. Njia ya Dubai ilikuwa na nguvu kuliko nyingine, hasa kwa Unguja na Mombasa, zilizokuwa na jamaa wengi Omani na nchi za Ghuba. Chombo kilichopigwa harusini Muscat kwa miaka mitatu kiliweza kuonekana Unguja kikipigwa harusini kwa miaka mingine kumi.

Taarabu ndiyo iliyokipokea kwa haraka zaidi, nayo ndiyo iliyolipa gharama kubwa zaidi. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Muziki wao ulikuwa wa fidla nyingi, udi, kanuni, akodiani na ngoma, na ulijengwa kwa kuufuata mfano wa Misri. Katika maqamu kama rasti na bayati zimo sauti zisizokuwa kamili wala nusu, zilizo baina ya vibao viwili vya kinanda cha Kizungu. Mpiga fidla huzipata kwa kusogeza kidole; mpiga kinanda hana pa kusogea. DX7 ya kwanza haikuwa na njia ya kubadili kipimo cha sauti zake, na ile iliyoifuata ndiyo iliyokuwa nayo. Baadaye viwanda vilitengeneza vinanda kwa ajili ya soko la Kiarabu, vyenye vibonyezo vya kushusha sauti kwa robo. Lakini vilikuwa ghali, na mnunuzi wa pili hupewa kilichopo.

Basi katika miaka ya 1990 vikundi kama East African Melody, na vile vya Dar es Salaam kama Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre, vilikifanya kinanda cha umeme kuwa nguzo ya taarabu mpya, ile ya mipasho. Kinanda kimoja kilishika kazi ya fidla sita, cha pili kikashika kazi ya kanuni na filimbi, na gitaa la besi likakamilisha. Wazee walilalamika kwamba maqamu zimenyooshwa kama nguo chini ya pasi, na masikioni mwangu lalamiko hilo ni la kweli. Walakini yafaa tuulize pia nani aliyefunguliwa mlango. Kundi la watu ishirini halilipiki kwa harusi ya mtu wa kawaida Temeke. Kundi la watu wanane hulipika. Wanawake waimbaji walipata majukwaa mengi zaidi kuliko waliyopata mama zao. Historia haitudai tuchague upande katika ugomvi huo, lakini yatudai tukumbuke kwamba bei ya chombo kilichotumika ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyouamua.

Sasa narudi kwenye vile vinanda vidogo vya Casio. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, mnamo mwanzo wa miaka ya 1990, vijana waliokulia katika ngoma za Kizaramo walianza kuchanganya ngoma hizo na kinanda kimoja kidogo. Hawakuwa na mitambo ya bendi. Walikiunganisha kinanda na amplifaya kuukuu, na amplifaya na honi za bati kama zile zinazotangazia mikutano ya hadhara. Sauti ilitoka ikiwa imepasuka, kali, yenye kuchoma masikio. Nao wakaipenda hivyo hivyo, na hadhira yao ikaipenda. Muziki huo ukaitwa mchiriku. Chiriku, kama ajuavyo msomaji, ni ndege mdogo mwenye kelele, na mtu mwenye maneno mengi huitwa kwa jina hilo. Wenye heshima zao waliuona kuwa ni muziki wa wahuni, na redio hazikuuonea shauku. Ukaishi kwa kanda za kaseti na kwa mikesha ya mitaani.

Mchiriku una jina lingine, nalo ni mnanda. Nadhani hapa lugha imefanya jambo la kupendeza. Kiambishi cha ki- katika kinanda hakikuwa cha kudogosha. Lakini wasemaji wamekitendea kana kwamba ndicho, wakakiondoa na kuweka m-, kama kilima kilivyo kando ya mlima. Kinanda kidogo cha mtoto, kikipita katika honi ya bati, kikazaa mnanda. Sidai kwamba mtu yeyote aliketi akalifikiri hivyo; lugha haingojei vikao.

Kwa historia yetu, kilicho muhimu katika mchiriku ni uhusiano wake na chombo kilichopitwa na wakati. Kampuni iliacha kutengeneza vile vinanda vya awali, ikatoa vingine vyenye sauti safi zaidi, zinazofanana zaidi na piano ya kweli. Kwa mpiga mchiriku usafi huo haukuwa na faida. Sauti ya zamani ilikuwa nyembamba na kali, na kwa hiyo iliweza kupenya katika honi na kusikika juu ya ngoma. Sauti mpya ilikuwa nene, nayo ilizama. Hivyo chombo cha kale hakikutafutwa kwa sababu ya umaskini peke yake. Kilitafutwa kwa hukumu ya sikio. Mwaka 2012 kundi la Jagwa Music, mojawapo ya makundi mashuhuri ya mchiriku, lilitoa santuri Ubelgiji kupitia Crammed Discs, na wasikilizaji wa Ulaya wakashangaa kuona kinanda cha mtoto kikiongoza muziki wa kishindo kiasi kile. Mshangao wao unaeleweka, ila ulikuja miaka ishirini baada ya kazi kufanyika.

Wala vijana wa Dar es Salaam hawakuwa peke yao duniani katika kuona thamani ndani ya kilichotupwa. Kampuni ya Roland ya Japani ilitengeneza TB-303 kati ya miaka 1981 na 1984, chombo kidogo kilichokusudiwa kuwa badala ya mpiga besi. Kwa kazi hiyo hakikufaa kitu, kikaishia katika maduka ya vitu vilivyotumika. Vijana weusi wa Chicago wakakinunua kwa bei ya bure, wakavizungusha vibonyezo vyake kwa namna ambayo kiwanda hakikuikusudia, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa kwacho muziki uliobadili kumbi za dansi za Ulaya nzima. Huko Jamaika mwaka 1985 mdundo uliokuwa ndani ya Casio MT-40, uliotungwa na mfanyakazi kijana wa kiwanda aitwaye Okuda Hiroko, ukawa msingi wa wimbo wa Wayne Smith uliotayarishwa na King Jammy, na tangu hapo rege ya Kingston haikurudi ilikotoka. Bombay mwaka 1982 Charanjit Singh, mpigaji wa muziki wa filamu, alizipiga raga kumi kwa vyombo vya Roland alivyovinunua Singapore. Santuri hiyo haikununuliwa. Ilipotolewa upya mwaka 2010 watu walistaajabu. Karibu nasi zaidi yuko Hailu Mergia wa Uhabeshi, aliyerekodi kanda yake ya akodiani na sintesaiza mwaka 1985 mjini Washington, kisha akaendesha teksi miaka mingi, mpaka kanda hiyo ilipotolewa upya mwaka 2013 naye akaitwa tena jukwaani.

Habari hizo zinafanana katika jambo moja: thamani iliumbwa na mtu wa pili, na bei ikapanda baada yake. TB-303 iliyouzwa mpya kwa dola kama 400 sasa huuzwa kwa maelfu ya dola. Minimoog ya kwanza ni hivyo hivyo. Ndipo ameingia mkusanyaji, na nyuma yake mchuuzi wa vyombo vya kale. Sisemi neno baya juu ya biashara hiyo. Bila ya watu hao vyombo vingi vingekuwa vyuma chakavu, na ujuzi wa kuvitengeneza ungekufa pamoja na mafundi waliovijua. Mchuuzi mzuri hufungua chombo, hubadilisha kapasita zilizokauka, husafisha miguso ya vibao, huondoa kutu, hutafuta kibonyezo cha asili mahali pa kile cha bandia, kisha hukipiga picha na kukitangaza kuwa ni kama kipya.

Shida iko katika maneno hayo ya mwisho. Kwa mwanahistoria, chombo kilicho kama kipya kimesafishwa na ushahidi wake. Mfano ulio wazi ni DX7. Sauti 32 alizozitunga au kuzichagua mwenyewe hukaa katika kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya ndani. Betri ikifa, sauti zote hupotea. Mchuuzi anayebadilisha betri bila ya kuzihifadhi kwanza sauti hizo, kisha akazirudisha zile za kiwanda, amefanya ukarabati mzuri mno na ameteketeza maktaba ndogo. Labda zilikuwemo sauti ambazo mpigaji wa Unguja alizihangaikia wiki nzima ili zikaribiane na kanuni ya mwalimu wake. Hatutajua.

Mnyororo huu wa wanunuzi haukomi mjini. Chombo kikishindwa kazi Dar es Salaam hupelekwa Morogoro. Kikichokwa Arusha hupanda magari ya mizigo kwenda wilayani. Nimeziona ncha za mnyororo huo mahali pengi, lakini palipo na mafunzo zaidi kwangu ni Malambo, katika Wilaya ya Ngorongoro. Jina hilo, sikioni mwa Mswahili, husikika kama wingi wa lambo, yaani mabwawa ya kunyweshea mifugo. Ni nchi ya Wamasai, ya ukame na vumbi, kati ya vilima vya Wasonjo na milima ya Gol, na safari ya kwenda huko kutoka Karatu hula siku nzima ya msafiri na mgongo wake pia.

Tukumbuke muziki wenyewe wa nchi ile ni wa namna gani. Wamasai ni miongoni mwa watu wachache wa Afrika Mashariki wasiotegemea ngoma. Muziki wao ni koo. Mwimbishaji, aitwaye olaranyani, huanzisha, na wenziwe humjibu kwa sauti nzito zinazorudiarudia kutoka kifuani. Shanga na miruko huweka mdundo. Pembe ya tandala hupigwa katika shughuli maalumu. Olaranyani hapewi sauti na mtu wala na chombo. Huanza pale koo lake linapomwelekeza siku ile, na wengine humfuata huko.

Kinanda nilichokiona Malambo kilikuwa cha kwaya. Kwa maelezo ya wenyewe, kilikwisha pita katika kwaya mbili nyingine kabla ya kuwafikia, nao walikilipa kwa michango na kwa mbuzi wawili waliouzwa mnadani. (Mnada na mnanda ni maneno mawili yasiyohusiana, lakini hapa yalikutana.) Umeme wake ulitoka katika betri ya gari iliyochajiwa na jua. Vibao vitatu vya juu vilikuwa havitoi sauti, na hakuna aliyevisikitikia, maana havikuwa na kazi. Nilipoomba nikitazame vizuri niliona jambo ambalo sikulitarajia. Vibonyezo vya kuchagulia sauti, vile vya piano, filimbi, tarumbeta na vinginevyo, vilikuwa na maandishi yake yote, safi kana kwamba havijaguswa. Lakini vibonyezo viwili vidogo vya kupandishia na kushushia ufunguo wa muziki vilikuwa vimelika mpaka plastiki imeingia shimo, na kimoja kilikuwa kimebandikwa kipande cha kandambili.

Mpigaji alinieleza bila ya kuona ajabu. Mwimbaji huanza pale koo lake linapomwelekeza. Yeye husikiliza neno la kwanza na la pili, hubonyeza mara mbili au tatu mpaka kinanda kifike alipo mwimbaji, ndipo huingia. Vidole vyake vyajua njia moja ya vibao vyeupe, na kazi ya kuhama hufanywa na vibonyezo. Kwaya za mjini hufanya kinyume: kinanda hutoa sauti, na waimbaji hukifuata. Malambo kinanda ndicho kimfuatacho mwimbaji, kama walivyomfuata wenziwe siku zote. Wapo wapigaji wengi nchini wanaovitumia vibonyezo hivyo kwa sababu hawakufundishwa vibao vyeusi, na mwalimu wa muziki aweza kusema kwamba hilo ndilo tu nililoliona. Yawezekana ni sehemu ya sababu. Lakini ufundi mdogo hauelezi kwa nini ufunguo ulibadilika karibu kila wimbo, na mara moja katikati ya wimbo, wakati mwimbaji alipopokezana na mwingine mwenye koo la juu zaidi.

Hapo pana habari ya muziki wa Kimasai katika zama za kanisa na sola, imeandikwa katika plastiki, na sijui kitabu kiielezacho vizuri kuliko kile kipande cha kandambili. Sasa msomaji afikiri kinanda hicho kikianguka mikononi mwa mkarabati stadi. La kwanza atakalofanya ni kuving'oa vibonyezo viwili vilivyolika na kuweka vipya. Atavihuisha na vibao vitatu vya juu. Kitapendeza, kitauzika, na kitakuwa hakisemi tena kilikotoka.

Kuna watakaojibu kwamba kinanda cha kwaya ya kijijini si Minimoog, na hakuna mkusanyaji atakayekitaka. Ni kweli leo. Ilikuwa kweli pia kwa TB-303 mwaka 1985 na kwa Casio ndogo mwaka 1990. Tena hatari iliyo karibu zaidi si ya mkusanyaji. Ni ya fundi anayekifungua kinanda kibovu ili apate vipuri vya kutengenezea kibovu kingine, jambo la busara kabisa kwa upande wake, na ya kompyuta ambayo imekwisha chukua kazi yenyewe. Singeli, mtoto wa mchiriku aliyepata nguvu katika miaka ya 2010, hutengenezwa kwa kompyuta katika vyumba vidogo vya Dar es Salaam, na mara nyingi hujengwa kwa vipande vya nyimbo za zamani vilivyoharakishwa. Kinanda chenyewe hakihitajiki tena. Iliyobaki ni sauti yake katika rekodi.

Katika makumbusho niliyoyatembelea nimeona marimba, zeze, ngoma na siwa, na ni haki yake kuwapo. Kinanda cha umeme sijakiona. Nadhani kinachowazuia wahifadhi ni alama ya kiwanda cha Japani iliyo usoni mwake. Hukihesabu kuwa ni cha watu wengine. Lakini hamonia ya Unguja ilitoka India, na kanuni ilitoka Misri, wala hakuna anayeandika historia ya taarabu bila ya vyombo hivyo.

Ugumu wa kweli ni mwingine. Hatuwezi kuwaambia watu wa Malambo wakae na kinanda kibovu ili sisi wa vyuo tupate kukichunguza. Wao wanataka kipya, nao wana haki ya kukitaka; walinieleza wazi kwamba wakipata mnunuzi watakiuza, na waliniuliza kama namjua. Kwa hiyo mnunuzi anayefaa ni chuo au makumbusho, kwa bei ya haki, itakayowawezesha kupata kingine. Na kabla ya chombo kuondoka kijijini, mpigaji arekodiwe akikipiga pamoja na waimbaji wake, vibonyezo vipigwe picha kama vilivyo, na majina ya kwaya zote zilizokimiliki yaandikwe kwa mfuatano wake, pamoja na bei ya kila mara. Fundi wa makumbusho akiombwa kukifanyia kazi, ashughulikie waya wa umeme tu, ili kisije kikaungua.

Mwenzangu mmoja niliyemsomea rai hii aliuliza iwapo kandambili nayo itaingizwa katika daftari la vitu vilivyohifadhiwa. Nilimjibu kwamba itaingizwa, pamoja na rangi yake, ambayo ni buluu.